Uzi: Daftari la 4B, mwaka 2002. Mlioandikwa humu njooni mjitetee

#1 Karani_4B
Assalam aleikum, hamjambo, na nyinyi mnaojifanya hamnijui mkinikuta Mwembe Tayari hapa Mombasa, nanyi pia hamjambo.

Wiki iliyopita tulikuwa twahama Tudor kwenda Mtwapa. Chini ya sanduku la bati la mama, kati ya pazia kuukuu na albamu iliyoliwa na mende, nikakuta daftari la kurasa 96, jalada limemwagikiwa chai. Kulifungua: WASIFU WA 4B KWA AJILI YA GAZETI LA SHULE. Mwandiko wangu, wino wa buluu, na juu ya kila herufi i nimechora moyo badala ya nukta. Nina miaka arubaini sasa. Nusura nilitie jikoni.

Kwa mliosahau: tulipokuwa kidato cha nne tuliambiwa kila darasa la kumaliza litapewa kurasa nne kwenye gazeti. Mwalimu wa Kiswahili akanichagua mimi kuwa karani. Si kwamba nilijua kuandika, ni kwamba nilikaa karibu na mlango na sikuona haya kuuliza mambo ya watu. (Nyumbani mama alikuwa akiniita Idhaa.) Nikazunguka madawati 43, kila mtu maswali matatu: wapenda nini, wachukia nini, utakuwa nani. Gazeti lenyewe halikutoka. Mashine ya kuchapia ilikufa ikitoa karatasi za moki, ule mtihani wa majaribio, ikafunikwa gunia stoo, na nadhani iko huko mpaka leo.

Masharti: majina ya kwenye kitambulisho hapana. Lakabu tu. Anayejijua anajijua.

#2 Karani_4B
Naanza na MTU WA FERI. Nanukuu kama nilivyoandika, sibadilishi herufi:

"Atoka Likoni. Kengele ya kwanza ni saa moja na nusu, yeye huingia saa mbili na robo. Siku ya kufa kwake atafika kaburini waliomsindikiza wameshakwenda kula pilau. Sababu: feri."

Mkondo ule wa bahari kati ya Likoni na kisiwa cha Mombasa upana wake ni kama mita mia tano. Huyu bwana alikuwa akiusimulia kama Bahari ya Hindi nzima. Feri imeharibika. Feri ni moja tu inayofanya kazi. Meli kubwa yaingia bandarini, tumeambiwa tuipishe. Ng'ombe amekataa kushuka. Hili la ng'ombe naibu wa mwalimu mkuu alilicheka mpaka akamsamehe, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu ng'ombe yule akarudi muhula wa pili, na muhula wa tatu akaja na ndama.

#3 MtuWaFeri
Nipo. Nawasoma nimesimama kwenye rampu upande wa kisiwani, iliyoondoka imejaa, nangoja ya pili. Sina la kujitetea. Ila ng'ombe alikuwa wa kweli. Mara ya kwanza.

#4 BintiKuze
Na ndama?

#5 MtuWaFeri
Ndama nilimuongeza.

#6 Mapacha_Mkubwa
Walipoweka lile daraja la kuelea pale Liwatoni 2020, wa kwanza kumuwaza ni wewe. Nikasema maskini, kisingizio chake kimekwisha.

#7 MtuWaFeri
Lenyewe lilikuwa lafunguliwa katikati meli zipite. Nikawa na visingizio viwili.

#8 Karani_4B
Sasa BENKI KUU. Huyu nilimpa ukurasa mzima na nusu, na bado hakutosha.

"Apenda: hesabu. Achukia: watu wanaosema nitakulipa Ijumaa. Atakuwa: ama meneja wa benki ama mfungwa."

Dawati lake la mbao lilikuwa duka. Upande wa vitabu, mabuyu. Upande wa jiometri, achari ya maembe kwenye karatasi za plastiki alizozifunga kwa mshumaa, ndogo kama kidole gumba. Alikopesha, na alikuwa na daftari lake la madeni, safi kuliko la Hisabati.

Mnaikumbuka siku ya ndimi? Ilikuwa Jiografia, baada ya mapumziko ya saa nne. Mwalimu akaokota kokwa la buyu limetapakaa rangi nyekundu chini ya ubao. Hakusema kitu. Akalifuta kwa leso yake, akaliweka juu ya meza kama ushahidi wa mahakamani, akaenda dawati la kwanza: "Toa ulimi." Mwekundu. La pili: "Toa ulimi." Mwekundu. Akapita mstari kwa mstari, taratibu, mikono nyuma, na sisi tumekaa tumetoa ndimi kama mbwa wa mchana wa Februari. Wengine walikuwa wamejaribu kujifuta kwa kola, na kola zikawa nyekundu pia. Ndimi arubaini na mbili kama taa za nyuma za matatu.

Akafika kwa Benki Kuu. "Toa ulimi." Akatoa. Safi! Rangi aliyoumbwa nayo na Mola wake. Mwalimu akautazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza, akasema: "Fungua dawati."

Yaani ndiye peke yake aliyekuwa hali bidhaa yake.

#9 BenkiKuu
Mfanyabiashara akila mtaji ana wazimu. Nilimwambia mwalimu hivyo hivyo na akaniongezea adhabu.

Kwa taarifa yenu sikufungwa wala si meneja. Nakagua hesabu za watu, miaka kumi na sita sasa. Nikiingia ofisini mwa mtu akinikaribisha kwa tabasamu kubwa, mimi hutamani nimwambie atoe ulimi.

Na madeni sijayasahau. Karani, shilingi kumi na mbili. Mtu wa Feri, shilingi nane, muhula wa pili. BintiKuze tulimalizana kwa insha.

#10 MtuWaFeri
Zangu naleta. Ikifika tu ya pili.

#11 BintiKuze
Tulimalizana kwa insha, kweli. Alinipa achari tatu nimuandikie insha ya "Umuhimu wa Maji". Akapata 9 kwa 20. Karani, najua nafuata mimi. Tafadhali shoga angu, nina wakwe humu ndani.

#12 Karani_4B
Wakwe nao wajue. BI METHALI:

"Apenda: wahenga. Achukia: wanaosema moja kwa moja. Atakuwa: mwalimu wa Kiswahili, na wanafunzi wake Mungu awape subira."

Dada huyu wa Kuze hakuweza kuomba rula bila kutanguliza methali. Insha yake ya moki naikumbuka mwanzo wake kwa moyo, maana mwalimu aliisoma mbele ya darasa: "Ilikuwa siku ya Jumamosi. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, kwa hivyo niliamka." Tukacheka mpaka jirani wa 4A wakaja dirishani. Chini ya insha, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika: "Methali kumi na moja. Hadithi iko wapi?"

#13 BintiKuze
Na nikamjibu. Unasahau kwamba nilimjibu! Nilimwambia mwalimu, mwenye macho haambiwi tazama. Nikatolewa nje.

Ualimu nilikwenda muhula mmoja nikaona si wangu. Sasa niko Biashara Street kwenye leso. Mnaocheka, hebu niambieni: leso bila jina si kitambaa tu cha kufungia uji? Mtu hanunui maua wala rangi, anunua maneno. Yuaja mama wa watu asubuhi, amefura, ataka leso ya kuvaa harusini. Mimi simuonyeshi kitu kwanza. Namuuliza: "Ni jirani au ni wifi?" Akisema wifi, namuuliza tena: "Ya kumpoza au ya kumchoma?" Akisema ya kumchoma, namteremshia ile ya rafu ya juu. Juzi nimeuza pea kumi za MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE kwa familia moja, na bado sijajua nani alikuwa amlenga nani. Kumi na moja kwenye insha ni makosa. Kumi na moja kwenye rafu ni biashara.

#14 Mapacha_Mkubwa
Wallahi nimecheka peke yangu ndani ya matatu, kondakta adhani namcheka yeye. Sisi mapacha umetuandika nini?

#15 Karani_4B
Nyinyi mna mistari miwili: "Watoka Changamwe. Niliwauliza maswali sita, nadhani yote yalijibiwa na mmoja."

DAKTARI: tulisema atakuwa daktari, akawa daktari. Hata wa kumchezea shere hakutuachia nafasi. Twende mbele.

MZEE WA KENGELE huyu ni wa kusimama kidogo. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, na nyundo yake kipande cha nondo. Saa ilikuwa mkononi mwake, ya baba yake, kubwa mpaka yazunguka mkononi. Bei ya kengele ya dakika tano kabla ya wakati ilikuwa viazi karai viwili na ukwaju juu yake. Tuliolipa ni sisi 4B, kila Jumatano, kwa ajili ya Fizikia. Kumbe 4A nao walikuwa wakimlipa achelewe, kwa sababu wao walipenda Michezo, kipindi chao cha kabla ya kengele ile ile. Muhula mzima amekula viazi vya pande zote mbili na kupiga kengele saa yake ile ile. Nikaandika: "Atakuwa: mbunge."

#16 MzeeWaKengele
Astaghfirullah. Hilo la 4A nani alikwambia?

Mimi ni muadhini sasa, Majengo. Mwaka wa tisa. Alfajiri sichelewi wala siwahi, na sili viazi vya mtu. Vya mke wangu tu.

#17 Redio
Nangoja. Nimesoma yote haya nikingoja. Andika, lakini uandike haki.

#18 Karani_4B
REDIO. Vizuri.

"Apenda: mpira. Achukia: kelele darasani wakati wa mpira. Atakuwa: fundi, kwa kuwa kila alichonacho kimefungwa kwa mpira wa bendi."

Wadogo zetu watakaosoma hapa wajue kwamba wakati ule simu ya mkononi alikuwa nayo mwalimu mkuu na mwenye kantini, basi. Huyu alikuwa na redio ndogo, ukubwa wa kiberiti cha paketi, ndani ya soksi. Waya ulipanda mguuni, ukapita ndani ya shati, ukatokea kwenye mkono wa shati, na yeye alisoma ameegemeza shavu kiganjani kama mtu mwenye mawazo. Walimu walimhurumia. Mmoja aliwahi kumuuliza kama kuna tatizo nyumbani.

Ijumaa, tarehe 31 Mei 2002. Kombe la Dunia lafunguliwa Korea, Senegal na Ufaransa, na Ufaransa ndio mabingwa. Kwa saa za kwetu mechi ilianza saa nane u nusu mchana. Waliokwenda Jumaa wamesharudi, jua la kutosha, na sisi tuna Kemia vipindi viwili, mwalimu yuachora moli ubaoni. Darasa lote lajua Redio yuko hewani. Mfumo ulikuwa vidole: Senegal mkono wa kulia, Ufaransa wa kushoto. Kila dakika kumi vichwa arubaini vyageuka nyuma, twaona ngumi mbili, bila kwa bila, twarudi kwenye moli.

Kufika saa tisa, dakika ya thelathini ya mchezo, Diouf wa Senegal amempita mtu upande wa kushoto, ametia katikati, Papa Bouba Diop ameteleza nao chini, kipa ameutema, yeye bado yuko chini, ameusukuma tena, umeingia. Hayo mimi niliyaona baadaye kwenye televisheni. Siku ile nilichosikia ni sauti kutoka nyuma ya darasa:

"GOOOOOOOOO"

na ikakatika hapo, kama mtu aliyejikumbuka yuko wapi.

Chaki ikaanguka. Mwalimu akageuka. Akaenda moja kwa moja kwa Redio, maana sauti ilikuwa yake, kila mtu aijua ile sauti ya kukwaruza. Akavuta waya kuanzia mkononi, waya ukatoka, ukatoka, ukatoka, kama mtu avuta ndoo kisimani, mpaka redio ikachomoka kwenye soksi.

Viboko vilikuwa vimeshapigwa marufuku na serikali mwaka wa nyuma yake, 2001, kwa hivyo adhabu ilikuwa fyekeo. Nusu ya uwanja. Peke yake. Na redio ikaenda ofisini mwa walimu.

Kilichonipendeza ni hiki. Saa kumi na nusu hivi mwalimu wa Kemia alitoka ofisini, akasimama kibarazani, sikio lake moja jekundu kwa kubanwa na kitu. Akamuita Redio aliyekuwa majanini: "Wewe! Moja bila. Imekwisha hivyo hivyo." Akarudi ndani.

#19 Redio
Haki umeandika, isipokuwa jambo moja, na jambo hilo nalisema tangu siku ile na hakuna anayenisadiki: SIKUPIGA KELELE MIMI. Mimi nilikuwa nimeshainua kidole cha kulia, natazama mbele, mdomo nimefumba. Mwenye redio gani atajichomea mwenyewe? Naapa. Malengelenge wiki mbili, mpaka kushika kalamu siwezi.

#20 BenkiKuu
Ndugu yangu, sauti ilikuwa yako. Hata mimi ningekuandikia hilo kwenye ripoti.

#21 MzeeWaKengele
Yako kabisa. Mchana wa Ijumaa mtu usiape.

#22 Karani_4B
Tuyaache, tutagombana. Nimebakisha ukurasa mmoja unaonitia haya, na ndio ulionifanya nifungue uzi huu.

Ukurasa wa 41. Lakabu: KIMYA. Apenda: "Kawaida." Achukia: "Hakuna." Atakuwa nani: "Tutaona." Hayo ndiyo majibu aliyonipa. Na chini yake mimi, Idhaa mzima, niliyemuandikia Benki Kuu ukurasa na nusu, nimeandika neno moja: "Yupo."

Nimejaribu kukumbuka. Alikaa dawati la mwisho, upande wa dirisha la mwarobaini. Viatu alivipiga rangi hata masika. Siku ya mwisho, mnakumbuka ilikuwa ndani ya Ramadhani, Novemba, mtihani umetukuta tumefunga, tukaambiana hakuna sherehe ya mchana, tukutane Mama Ngina baada ya futari. Tukaandikana mashati kwa kalamu nene chini ya taa, na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili ikizunguka mkono kwa mkono. Langu mama aliliroweka sabuni usiku ule ule, majina yote yakawa ziwa moja la buluu. Nakumbuka Kimya alikuwepo, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika mfuko wa madafu matupu asije mtu akayatupa baharini. Kama aliandika kwenye shati langu, sijui. Ana habari zake nani?

#23 MtuWaFeri
Mimi. Huyu nitamuombea dua mpaka nife. Wajua kwa nini sikufukuzwa shule na kuchelewa kote kule? Kwenye rejista nilikuwa nahesabiwa nipo. Mwalimu wa darasa akiita jina langu asubuhi, Kimya ndiye aliyekuwa akiitikia. Na aitikia kwa sauti yangu! Mwalimu anaandika ameinamisha kichwa, hana habari. Yule mtu alikuwa ajua kuiga sauti ya kila mmoja wetu, basi tu hakuwa msemaji. Wa zamu getini ndio walionikamata, wa rejista kamwe.

#24 Redio
Ngoja.

#25 Redio
Ngoja kwanza. Ya kila mmoja wetu?

#26 MtuWaFeri
Ee. Ya Benki Kuu alikuwa akiiweza mpaka kikohozi.

#27 Redio
Ile redio ilikuwa na masikio mawili. Moja nilikuwa nalo mimi mkononi. La pili nililipitisha nyuma ya benchi kwa aliyekaa nyuma yangu, nikiona haya kusikiliza peke yangu.

Nyuma yangu alikaa nani?

#28 Mapacha_Mkubwa
Subhanallah.

#29 BenkiKuu
Naiondoa ripoti yangu.

#30 Kimya41
Goli lilikuwa zuri.

#31 Redio
NUSU YA UWANJA! Wewe umekaa kwenye kivuli cha mwarobaini wanitazama nafyeka nusu ya uwanja! Kwa nini hukusema?

#32 Kimya41
Hukuniuliza. Uliuliza kila mtu ila mimi.

#33 BintiKuze
Kimya kingi kina mshindo mkuu. Samahanini, imenitoka.

#34 Karani_4B
Wewe Kimya, usiondoke. Nimeshatafuta kalamu ya buluu. Ukurasa wako una mistari ishirini na kitu mitupu na safari hii majibu ya "kawaida" sipokei. Anza: ulikwenda wapi, wafanya nini, waishi wapi?

#35 Kimya41
Kesho inshallah. Sasa hivi sina nafasi, niko Likoni, feri imeharibika, ng'ombe amekataa kushuka.

#36 MtuWaFeri
Huyo si mimi! Wallahi huyo si mimi!